NENO LA KATIBU WA TAWI: TUUZUNGUMZE UZEE WETU KABLA HAUJATUFIKIA

*Kwa wanachama wote wa Tawi*

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa Jumapili. Nayatuma kwa maandishi kwa sababu wengi hawakufika, wengine kwa kazi, wengine kwa msiba. Viongozi wa mashina, naomba muwasomee wazee wasio na simu janja. Mkutano ujao tunapigia kura mapendekezo matatu yaliyo mwishoni. Kila mmoja aje akiwa ameyasoma.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama,

 

Ajenda hii haikuletwa na Kata wala Wilaya. Mmeileta ninyi wenyewe. Kwa miezi kadhaa sasa nikipita kukusanya ada nasikia swali moja kutoka kwa watu tofauti: "Katibu, siku mwili ukikataa, nitaishije?" Dereva wa bodaboda ameniuliza, mgongo umeanza kumsumbua. Mama wa genge ameniuliza. Mwalimu aliyebakiza miaka mitatu kustaafu naye ameniuliza. Na wote wananiuliza kwa kunong'ona, kama vile wanaungama dhambi.

Nataka tuache kunong'ona. Mtu aliyefanya kazi tangu ana miaka 15, akafika 50 akiwa hana kitu mkononi, si mvivu. Amelipa ada, amelipa kodi ya chumba, ameuguza, amezika. Tumtoe aibu kwanza, halafu tukae naye chini tupige hesabu. Mimi ni mtu wa hesabu, na nimeona kwamba hofu ikishawekwa kwenye karatasi inapungua nusu. Nusu inayobaki ndiyo ya kufanyia kazi pamoja.

*1. MTOTO SI PENSHENI*

Wazazi wetu walikuwa na mpango wao wa uzee: shamba, watoto na ukoo. Mpango ule ulikuwa mzuri kwa sababu wote watatu walikuwa mahali pamoja. Leo shamba limegawanywa vipande, ukoo umetawanyika, na mtoto yuko mjini anadaiwa kodi ya miezi mitatu kwa mpigo huku naye ana watoto wake.

Naomba tusiwalaumu watoto wetu. Kijana wa miaka 30 anayekutumia 20,000 kwa simu mwisho wa mwezi, mara nyingi ametoa alichonacho. Ukimwongezea mzigo wa kukulisha, kukutibu na kukujengea, hutakuwa umejikomboa. Utakuwa umemfunga asiweke akiba ya uzee wake, na yeye kesho atamfunga mjukuu wako hivyo hivyo. Umaskini unarithiwa kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Watoto wakikusaidia, shukuru Mungu. Lakini usiwaandike kwenye hesabu kama mapato ya uhakika.

*2. JUENI HAKI MLIZO NAZO TAYARI*

Tangu mwaka 2018 tuna mifuko miwili mikubwa ya pensheni. PSSSF ni ya watumishi wa umma. NSSF ni ya sekta binafsi na waliojiajiri. Mchango wa mwajiriwa kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakichangia kwa pamoja. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Hapo kwenye 180 ndipo wengi wanapoumia. Kwenye Tawi letu tuna walinzi, wahudumu wa baa na hoteli, wasaidizi wa maduka, madereva wa malori. Baadhi yao wanakatwa kila mwezi na hawajawahi kuangalia kama fedha inafika. Wengine hawakatwi kabisa na wanafurahi, wakidhani wameokoa elfu kumi na tano. Ndugu yangu, ukikatwa na mwajiri asipopeleka, umeibiwa. Usipokatwa kabisa, umeibiwa pia, kwa sababu umekosa na ile sehemu ya mwajiri. Nendeni mkaombe taarifa ya michango yenu. Ni haki ya mwanachama, haitozwi chochote. Ukiona miezi inaruka, usisubiri ufike miaka 60 ndipo uanze kumtafuta mwajiri aliyeshafunga ofisi.

Kwa waliojiajiri, yaani wengi wetu hapa, NSSF inapokea mchango wa hiari. Mama ntilie, fundi, machinga na mkulima wanaruhusiwa. Faida yake mojawapo ni kwamba fedha ile huwezi kuichukua kirahisi siku shemeji anapoleta kadi ya harusi.

Kwa walimu na watumishi wenzangu: mmesema sana juu ya kikokotoo, na mna haki ya kusema. Kilichoanza Julai 2022 kilitoa mkupo wa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa makundi yaliyokuwa yakipata asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata asilimia 25. Tuchukue mfano wa mtumishi wa kundi la 40, mwenye mshahara wa hesabu wa 1,000,000 kwa mwezi, aliyechangia miezi 360. Kwa kanuni ya 1/580 na 12.5, mkupo wake ni kama milioni 37.2, na pensheni ya kila mwezi ni kama 372,000.

Tazameni namba hizo mbili. Ile ya milioni 37 ndiyo inayotuharibia usingizi, tunaipangia nyumba, gari na harusi ya kitinda mimba. Lakini kitakachokulisha ukiwa na miaka 75 ni ile ya 372,000. Mtumishi ambaye leo anaishi kwa milioni moja na bado anakopa, ajizoeze kuanzia sasa kuishi kwa karibu theluthi moja. Na mkupo ukiingia, aukalie kimya mwaka mzima. Matapeli wana orodha ya wastaafu kuliko sisi. Aliyefundisha miaka 30 hakusomea kuendesha daladala, na gari la kwanza la biashara ndilo linalomaliza mafao.

*3. TUNAJUA KUCHANGA, ILA TUNACHANGIA JENEZA*

Ndugu wanachama, hakuna watu wanaojua kuchanga kama sisi. Harusi ikitangazwa, kamati inaundwa jioni hiyo hiyo. Msiba ukitokea, kabla ya jua kuzama turubai limefika, sufuria zimefika, daftari limezunguka. Jambo hilo ni zuri na tusiliache.

Lakini tujiulize. Mzee aliyeugua presha mwaka mzima akanunua dawa nusu dozi kwa kukosa 8,000, siku alipofariki tulichanga jeneza, mabasi na ubwabwa. Fedha ilikuwepo. Ilichelewa tu. Tawi linalomvika mzee sare na kofia wakati wa kampeni, kisha linamkumbuka tena siku ya mazishi, limemtumia. Halijamtunza.

Sasa tuje kwenye vikoba vyetu. Tunaweka hisa kila wiki, Desemba tunavunja, tunagawana, Januari ada na sare za shule zinameza kila kitu, Februari tunaanza sifuri. Mtu anaweza kukaa kwenye kikoba miaka kumi na akawa ameweka akiba mara kumi bila kuwa na akiba. Kikoba kinatusaidia kuuvuka mwaka. Kuuvuka uzee hakitusaidii, maana hakuna kinachobaki.

Tupige hesabu ya shilingi 1,000 kwa siku, siku 26 za kazi. Ni 26,000 kwa mwezi, 312,000 kwa mwaka.

▪ Ukianza na miaka 40 hadi 60, bila faida yoyote: 6,240,000.
▪ Ukianza na miaka 50 hadi 60, bila faida yoyote: 3,120,000.
▪ Fedha ikikaa mahali inapopata asilimia 8 kwa mwaka, aliyeanza na 40 anafika zaidi ya milioni 14. Aliyeanza na 50 anafika milioni 4 na nusu.

Asilimia 8 ni mfano wangu wa hesabu, si ahadi ya mtu. Angalieni kinachotokea: aliyeanza mapema ameweka fedha mara mbili tu ya mwenzake, lakini amepata mara tatu na zaidi. Miaka ndiyo iliyomfanyia kazi.

Na nisiwadanganye. Milioni 14 kwa asilimia 8 inaleta kama 95,000 kwa mwezi bila kugusa mtaji. Kama bei zitakuwa zimepanda kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka 20, hiyo 95,000 itanunua vitu vya kama 43,000 ya leo. Mtu hawezi kuishi kwa hiyo peke yake. Lakini ni dawa, unga na sukari bila kumpigia mtu simu. Mzee anayejinunulia dawa mwenyewe anasikilizwa hata nyumbani kwake.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini kibubu na godoro havifai. Kwa upandaji huo wa bei, milioni moja uliyoificha leo, baada ya miaka 20 itanunua vitu vya kama 456,000. Hakuna mwizi aliyeingia ndani, na bado zaidi ya nusu imeondoka.

*4. KAUSHA DAMU*

Siwezi kuzungumzia akiba nikaruka hili, maana huku ndiko akiba za akina mama zinakoishia.

Mkopo wa kausha damu wa 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi unaonekana mdogo. Ni 30,000 tu. Lakini mama asipoweza kumaliza deni na akawa analipa riba peke yake, kwa mwaka atakuwa amelipa 360,000 na laki yenyewe bado anadaiwa. Laki tatu na sitini inazidi ile akiba ya mwaka mzima niliyoihesabu hapo juu. Maana yake wengi wetu tunao uwezo wa kuweka akiba ya uzeeni. Tayari tunailipa, ila tunamlipa mtu mwingine.

Anayekopesha bila leseni, anayechukua kadi yako ya benki na namba ya siri, anayebeba jiko na godoro bila amri ya mahakama, huyo anavunja sheria. Tangu 2018 tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Aliyenaswa aje aniambie faragha. Tutakaa na mkopeshaji tukiwa watatu au wanne, na deni litapangwa upya kwa maandishi. Mkopeshaji wa aina hiyo anaishi kwa aibu ya mkopaji. Aibu ikiondoka, makali yanapungua.

*5. AKINA MAMA NA MAJINA KWENYE KARATASI*

Wajane kwenye Tawi letu ni wengi kuliko wagane. Mwanamke huolewa na mwanamume aliyemzidi umri, na kwa kawaida huishi zaidi. Kwa hiyo uzee wa umaskini kwa sehemu kubwa una sura ya mama.

Mama amelima, amepika vitumbua, amebeba matofali ya nyumba. Hati au karatasi ya mauziano ina jina moja tu. Baba akifariki, shemeji wanafika na kikao cha ukoo. Akina baba, kama kweli mnawapenda, andikeni majina mawili. Andikeni wosia mkiwa wazima. Hakikisheni wategemezi mlioandikisha kwenye mfuko wa pensheni na benki ni hawa mlio nao leo, si wale wa mwaka 1998. Kazi hiyo ni ya siku moja na haihitaji utajiri.

*6. WAJIBU WA SERIKALI NA WA CHAMA*

Nimesema mengi kuhusu sisi wenyewe. Asije mtu akadhani nimeifutia Serikali wajibu wake. Shilingi 1,000 kwa siku haiwezi kumtunza mama wa miaka 72 aliyechoka leo na hana tena muda wa kuanza kuweka. Huyo ni wa jamii nzima.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inataja matibabu kuwa haki yake. Lakini wazee wetu bado wanafika dirishani na kitambulisho, wanaandikiwa dawa, wanaambiwa wakanunue nje.

Wenzetu wa Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016: kila mzee wa miaka 70, awe alikuwa mvuvi, mkulima au karani, akapangiwa 20,000 kwa mwezi. Kilikuwa kiasi kidogo, lakini kilipangwa kwa kila mzee na hakikusubiri hisani ya mtu. Huku Bara tuna TASAF kwa kaya maskini, lakini hatuna pensheni ya aina hiyo kwa kila mzee. Swali la kuuliza kwenye vikao vya juu ni rahisi: kama visiwani imewezekana, huku tunaanza lini, hata kama ni kwa kuanzia na wa miaka 75?

Na tazameni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee wa kiume wa miaka 62 mwenye nguvu ya kufuga kuku 50 hana fungu lenye jina lake. Jambo hilo linaweza kubadilishwa, na linabadilishwa na watu wanaolisema kwenye vikao mpaka linachosha.

Wakongwe wetu wanakumbuka wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na wafanyakazi wake wakadai mafao kwa miongo kadhaa, mahakamani na barabarani. Wengi walikufa wakidai. Funzo nililolipata ni mawili: tunza karatasi zako, na usidai peke yako.

*7. MAPENDEKEZO YA KUPIGIWA KURA*

*Kwanza: Robo isivunjwe.* Vikoba vyote viwili vya Tawi, Desemba hii, visigawe fedha yote. Robo ya gawio la kila mwanachama iende kwenye akiba yake ya uzeeni, kwa jina lake mwenyewe, mahali anapochagua: mchango wa hiari wa NSSF, vipande vya UTT AMIS, au akaunti ya muda maalumu benki. Thamani ya vipande hupanda na kushuka, hivyo kila mtu aulize kabla ya kuchagua.

Narudia maneno haya: *kwa jina lake mwenyewe.* Fedha hiyo isipite mkononi mwa Katibu, wala Mweka Hazina, wala Mwenyekiti. Tumeona vikundi vingi vikivunjika kwa sababu fedha ya watu arobaini ililala kwa mtu mmoja. Kazi ya Tawi iwe kumsaidia mtu kujaza fomu, kupata namba ya NIDA, na kukumbushana. Asiyetaka kutoa robo asifukuzwe kikobani. Asaini tu kwamba ameelezwa.

*Pili: Daftari la wazee.* Kila shina liandike wanachama na majirani wenye miaka 60 na zaidi, bila kuuliza chama: nani anaishi peke yake, nani hana kitambulisho cha matibabu, nani anatumia dawa za kila siku, nani analea wajukuu. Daftari likae kwa viongozi wa mashina na afisa ustawi wa jamii wa Kata apewe nakala kwa ridhaa ya wazee wenyewe. Na kutoka kwenye kodi ya zile fremu mbili za Tawi, asilimia 20 itengwe kwa dawa za wazee walio kwenye daftari. Matumizi yake nitayabandika ukutani kila mwezi, na risiti.

*Tatu: Hoja ya maandishi.* Tawi lipeleke hoja kwa Kata na kwa Diwani wetu yenye mambo matatu: dawa kwenye dirisha la wazee zipatikane kweli, wazee watengewe nafasi kwenye mikopo ya halmashauri, na suala la pensheni ya kila mzee lipandishwe ngazi za juu. Hoja ikikaa miezi mitatu bila jibu, tunaiandika tena.

Najua wapo watakaopinga la kwanza. Kwenye mkutano mmoja wetu alisema, "Katibu, wewe unazungumzia miaka 20, mimi sijui nitakula nini Alhamisi." Hoja hiyo ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Kwa hiyo naongeza: mwenye hali hiyo aanze na asichokiona, hata 200 kwa siku, na Tawi limsaidie kwanza kutoka kwenye kausha damu. Ila asiondolewe kwenye mpango kwa sababu leo ana shida. Mwenye shida leo ndiye atakayeumia zaidi kesho.

Wazee wetu husema mchumia juani hulia kivulini. Juani tumekaa vya kutosha. Kivuli hakijapandwa, na mti hauoti siku unapouhitaji.

Maswali na marekebisho nileteeni kwa simu au kwa viongozi wa mashina kabla ya Jumamosi jioni. Akidi ni nusu ya wanachama waliolipa ada, hivyo msiponiangusha kwa mahudhurio tutamaliza kwa kikao kimoja. Njooni na wazee wenu, viti vya mbele ni vyao.



*Katibu wa Tawi*